Ua la Taifa la Watu Wengine

Kiwanja chetu cha Chamazi tulikinunua kikiwa pori. Muuzaji alituonyesha mipaka kwa kidole, kuanzia mnazi ule hadi kichuguu kile. Mke wangu akacheka, mimi nikaandika kwenye daftari. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea majalada, kuyapa namba na kuyarudisha mahali pake, na baada ya miaka mingi ya kazi hiyo nimekuwa mtu wa kuandika kila kitu na kusema machache. Hivyo ndivyo ninavyojisifu. Mke wangu anasema nasema mengi tu, ila huwa nachagua.

Tulihamia kabla nyumba haijapigwa plasta, kama watu wengi wa huku. Masika ya kwanza yakatukuta bado tunahangaika na paa la jiko la nje. Mvua ilipopungua kidogo nikaona, kwenye seng'enge ya upande wa barabara, mmea ambao sikuupanda. Ulikuwa mwembamba, unapanda waya taratibu, na kila jani ncha yake ilikuwa imejikunja na kuushika waya. Wiki iliyofuata ukatoa ua. Petali zake nyekundu, zenye kingo za manjano zilizojikunjakunja, zilikuwa zimegeuka kuelekea juu, kana kwamba mtu ameshika ua la kawaida akaligeuza ndani nje. Nimekulia Bukoba, nimefanya kazi mikoa mitatu, sikuwahi kuliona ua la namna ile. Nilimuuliza jirani yangu, mzee wa Kizaramo aliyezaliwa hukohuko. Akalitazama, akanitazama na mimi, akasema ni ua pori tu, kule bondeni yamejaa, na kwamba mbuzi wake huwa hawaligusi.

Aliyeniharibu akili ni mwenzangu wa kazini. Huyu alisomea utunzaji wa kumbukumbu Harare, na tangu arudi hakuna mazungumzo yanayoisha bila Harare kutajwa. Alikuja Jumapili moja kutupongeza kwa nyumba. Nikamtolea kiti nje, akapewa soda, na kabla hajaifungua akasimama akaenda kwenye seng'enge.

"Bwana wee, unajua una nini hapa?"

"Ua," nikamjibu.

"Hili ni ua la taifa la Zimbabwe. Kule hata ukilikuta porini huling'oi ovyo, ni kosa. Na wewe linakuotea bure kwenye seng'enge!" Kisha akainama, akaonyesha chini kwenye shina. "Ila liangalie. Kiazi chake ni sumu. Kule watoto wanaambiwa mapema. Mtu akikila hicho, kupona ni kazi."

Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na yote mawili niliyasikia sawasawa. La kwanza nililitangaza. La pili nililiweka kwenye majalada yaliyofungwa.

Mimi ni Mhaya, na Watanzania wote wanajua utani wa majigambo unaofuata hapo, kwa hiyo sitaurudia. Niseme tu kwamba nilijitahidi kuutimiza. Shuleni tulifundishwa alama za taifa letu: bendera, mwenge, twiga, nembo yenye mikarafuu na pamba miguuni pa yule mwanamume na mwanamke. Ua la taifa sikumbuki kufundishwa. Wapo wanaosema tunalo, wapo wanaosema hatuna. Basi mimi nikawa na la watu wengine, limejileta lenyewe, na nililionea fahari kuliko kama ningekuwa raia wa huko. Nililipiga picha nikaiweka kwenye simu. Wageni wa kanisani nilikuwa nikiwapitisha kwanza kwenye seng'enge ndipo waingie ndani. Kinamama wa mtaani wakawa wananipigia kelele wakipita: "Mhaya bwana! Wenzio wanaotesha mchicha, wewe umeotesha taifa!" Nilicheka nao, na moyoni nilifurahi sana.

Mke wangu sikumwambia habari ya kiazi. Nilijipa sababu kwamba hakuna haja, nani atachimba mzizi wa ua aule? Lakini sababu ya kweli ni kwamba nilimjua. Tulikuwa na binti wa miaka mitatu, anayetia kila kitu mdomoni, na mke wangu angelisikia neno sumu angelichukua jembe siku hiyohiyo. Nikaamua kwamba nitamwangalia mtoto mwenyewe. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni, eti nitamwangalia mtoto. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini wakati ule niliona nimepanga vizuri.

Mwezi wa sita ua likaisha, mmea ukakauka kabisa. Ulibaki utepe wa kahawia kwenye waya, na hatimaye nao ukakatika. Mwenzangu wa Harare alishaniambia kwamba kiazi hulala ardhini hadi mvua zijazo. Kwa kuogopa mtu asije akapakanyaga au kupalima, nikachukua vipande vya matofali vilivyobaki kwenye ujenzi nikapazungushia duara. Ndani ya duara nikapalilia, nikatia mbolea ya kuku.

"Umemzika nani hapo?" mke wangu akauliza.

"Ua."

"Haya. Mungu amlaze pema."

Mwezi wa saba mke wangu akajifungua mtoto wa pili, na mama yake akaja kutoka Masasi kumlea.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Kwa watu wa kwao, kama ilivyo kwetu, mkwe mwanamume na mama mkwe hawazoeani. Hamkai sebule moja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Unatoa shikamoo ukiwa mbali kidogo, macho chini, anaitikia, kila mtu anashika njia yake. Lolote zaidi ya hapo linapita kwa mke wangu. Nikitaka kujua kama mama amelala salama, namuuliza mke. Mama akitaka kujua kama mimi nala pilipili, anamuuliza mke. Katika miaka sita ya ndoa, mimi na yule mama tulikuwa hatujawahi kusemezana kitu zaidi ya salamu, na kila mmoja alimwona mwenzake ni mtu mwenye adabu sana.

Na kuna jambo la pili. Watu wa kule kusini wana chakula chao kinaitwa ming'oko. Ni mizizi ya porini, mirefu na minene kiasi cha kidole, haipandwi na mtu. Inachimbwa kiangazi, majani yakishakauka, na ndiyo maana ujuzi wake ni mgumu: unatafuta kitu ambacho juu ya ardhi hakionekani, isipokuwa ukamba mmoja mkavu. Inachemshwa, inamenywa, inaliwa na chumvi. Mimi nilionja mara moja nikaona ni kama kiazi kilichokonda, na nilipolisema hilo mke wangu aliniangalia kama nimemtukania ukoo. Yeye alikuwa akipita Mbagala Rangi Tatu akakuta ming'oko iliyoshuka na mabasi ya kusini, ananunua, anakula njia nzima, maganda anatia kwenye pochi. Na kule kwao mchimbaji aliyesifika alikuwa mama yake. Wanawake wengine walikuwa wakimfuata porini nyuma, wachimbe pale anaposimama.

Yaliyotokea siku ile nimeyaunga kutoka kwa mke wangu, na baadhi kutoka kwa mama mwenyewe. Ilikuwa siku ya kazi, mimi niko masjala. Mke wangu amelala na kichanga, binti mkubwa yuko kwa jirani. Mama anafagia uwanja. Anafika upande wa seng'enge, anakuta duara la matofali, ndani udongo umetifuliwa, na katikati ukamba mkavu umejichomoza. Akachuchumaa. Akafukua kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anavyofukuaga kwao, na akakuta mizizi myeupe ndani, minene kiasi cha kidole.

Mtu wa Bukoba asingeichimba. Mzaramo asingeichimba. Mmasasi, tena mwenye sifa ile, hakuwa na sababu ya kusita hata kidogo. Kitu kimezungushiwa matofali, kimepaliliwa, kimetiwa mbolea. Nani anakitunza hivyo kitu kisicholiwa? Binti yake mzazi amelala, mkwe haulizwi. Akachimba yote, akaiosha, akateleka sufuria jiko la nje, ili bintiye akiamka akute ming'oko ya moto.

Ilipochemka akaonja mmoja. Ulikuwa na uchungu. Ming'oko haina uchungu, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alijiambia ni udongo wa Dar es Salaam. Maji ya huku yana chumvi, hewa ya huku ina chumvi, kwa nini ming'oko isiwe chungu? Akaonja wa pili ili ahakikishe. Kisha akaongeza maji, akairudisha motoni iive vizuri zaidi kabla hajampa mwanawe. Uchungu ule ndio uliomwokoa mke wangu na kichanga kinachonyonya. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado sijalizoea.

Mke wangu alinipigia saa tisa alasiri.

"Baba watoto, njoo. Mama anatapika, halafu anaharisha, anasema mdomo unawaka moto. Mie sielewi."

"Kala nini?"

"Kala nini, kala ming'oko tu! Kachimba hapo nje. Hata mie nimeshangaa, kumbe tunayo."

Nilisimama pale masjala na simu sikioni. Mwenzangu wa Harare alikuwa meza ya pili, anagonga mihuri. Nikamwambia mke wangu maneno mawili, usile, nakuja, nikakata simu. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshaondoka na bajaji. Duara lilikuwa limefukuliwa kwa ustadi, udongo umewekwa upande mmoja, hakuna hata tofali moja lililosogezwa. Kwenye jiko la nje sufuria ilikuwa imeepuliwa. Nikachukua mzizi mmoja nikaufunga kwenye gazeti, iliyobaki nikaimwaga chooni, nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mchovu, mwenye sauti ya upole. Mke wangu alikuwa anamweleza kwa mara ya tatu kwamba ni ming'oko, watu wanakula miaka yote, haijawahi kumdhuru mtu. Nikamwomba daktari pembeni. Nikafungua gazeti, nikamwambia si ming'oko, ni kiazi cha ua, na nikamwonyesha ile picha niliyokuwa nikiringia. Akaniuliza nimejuaje kwamba ni sumu. Nikasema niliambiwa na mtu. Hakuniuliza niliambiwa lini. Aliondoka haraka, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio: dripu, damu ya kupima, wauguzi wawili badala ya mmoja. Mke wangu nilimwambia tu kwamba daktari amegundua ni mzizi wa lile ua. Neno "amegundua" nililichagua mimi.

Mama akalazwa siku kumi na moja. Siku ya tatu walituambia tujiandae kwa lolote, figo hazikuwa zinafanya kazi vizuri. Mke wangu alikuwa anashinda benchi la nje, kichanga begani, ananyonyesha huku analia bila sauti. Mimi nilikuwa nashika chupa ya uji. Kuna wakati alinishika mkono akasema, "Asante baba watoto. Ungekuwa mwanaume mwingine ungeshatuacha hapa." Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka maji.

Mama akapona. Nalisema kwa haraka kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, asubuhi moja figo zilirudi na akaomba uji wa ulezi. Tukamrudisha nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Wiki iliyofuata mke wangu alikaa naye barazani amfumue nywele amsuke upya, na nywele zikaja na kitana. Hazikukatika, zilitoka zote na mizizi yake, rundo baada ya rundo. Mama alizichukua akazitazama mapajani. Siku nne baadaye kichwa kilikuwa kitupu. Daktari alisema sumu ile ndivyo ilivyo, zitaota. Mama akajifunga kanga kichwani na hakuivua tena mbele ya mtu, hata mbele ya mwanawe.

Kilichomwumiza hakikuwa nywele. Mke wangu alinieleza chumbani, mtoto akiwa kifuani kwake.

"Mama anakuomba radhi."

"Ya nini?"

"Anasema kachimba chakula chako bila kukuuliza, halafu kashindwa kukipika, kaleta balaa kwenye nyumba yako. Anasema macho yameisha. Mikono imeisha. Hachimbi tena, hata akirudi hachimbi, asije akaua watoto wa watu."

"Hujamwambia ni ua?"

Mke wangu akamfunika mtoto kanga. "Nimeshindwa. Unajua mama anaaminije? Anaamini wewe ndo umeotesha ming'oko. Uliniotesheaga mimi, mzazi, kwa vile nimekumbuka nyumbani. Siku ile sufuria iko motoni kampigia dada yake simu: mkwe wangu mtu wa bara, hajui hata ming'oko ni nini, lakini kamwoteshea mke wake, kaizungushia na matofali! Kijiji kizima wanajua. Mie nikamwambieje sasa?" Akacheka kidogo. "Mwachie tu. Ni sifa yako."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa baada ya hapo. Nilijaribu kulitazama jambo lenyewe kama ninavyotazama jalada la mtu nisiyemjua. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na vitu viwili: mikono anayoiamini, na mkwe anayemjivunia. Ukweli wangu ungemrudishia mikono na kumnyang'anya mkwe. Ukimya wangu ungemwachia mkwe na kumnyang'anya mikono. Ukimya ulikuwa na faida zaidi kwangu, na kwa sababu hiyo nikajua kwamba sina haki ya kuuchagua. Au labda sikuwa na maadili kiasi hicho. Labda nilikuwa tu siwezi tena kumpa shikamoo mwanamke mwenye kanga kichwani, naye ananiitikia kwa unyenyekevu kama mwenye deni langu.

Jumamosi asubuhi nikamwambia mke wangu kwamba nataka kuzungumza na mama.

"Niambie mie nimwambie."

"Hapana. Mwenyewe."

Alinishangaa, lakini akaenda kumwuliza. Mama naye akachukua muda. Mwishowe ikaamuliwa akae chumbani kwake, mlango wazi, pazia limeshushwa, na mimi nikae koridoni kwenye kigoda, nimegeukia ukuta. Mke wangu akasimama katikati yetu na kichanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Baada ya hapo hakukuwa na njia tuliyozoea. Nikaanza kusema kwa ukuta. Nikamwambia kwamba ile haikuwa ming'oko, lilikuwa ua. Nikamwambia linafananaje, kwamba yeye alikuja limeshakauka, na kwamba mizizi yake inafanana na ming'oko kiasi kwamba mtu yeyote wa kwao angekosea. Nikamwambia hakukosea kupika, sumu ile haitoki kwa kuchemsha. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, niliisikia mwenyewe, kama nasoma barua ya ofisi. Kisha nikasema kwamba nilijua. Kwamba mwenzangu aliniambia tangu masika, kiazi ni sumu, na mimi sikumwambia mtu, kwa sababu nililipenda lile ua na nilijua litang'olewa.

Nilimsikia mke wangu anahamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine.

"Ulijua?" akasema. "Na mwanao anacheza palepale?"

"Nilijua."

Bajaji ilipita nje, ikapita na nyingine. Nilikuwa natazama ukuta usio na plasta, nikasoma mistari ya saruji kati ya tofali na tofali.

"Baba," mama akasema.

"Naam mama."

"Kwa hiyo hukumwoteshea mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kilio. Kwa hilo sikujiandaa.

"Hapana, mama. Sikumwoteshea."

Kisha akamwita bintiye kwa jina, akarudi kwenye njia yetu ya zamani.

"Mwambie baba nimesikia. Mwambie anyanyuke, kigoda kile ni kifupi, kitamwumiza mgongo."

Mke wangu hakuniambia. Niliinuka mwenyewe.

Siku zile mke wangu alinisemesha ya lazima tu: chumvi imeisha, mtoto ana homa, maji yametoka. Sikumlaumu. Nililichimba lile shimo kwenda chini zaidi, nikatoa vipande viwili vilivyokuwa vimebaki, nikavichoma moto pamoja na takataka. Mwenzangu wa Harare aliuliza ua linaendeleaje. Nikamwambia halipo tena, na safari hii nikamweleza mpaka mwisho. Alivua miwani akaifuta, akairudisha, hakusema kitu cha Harare wala cha kwingine.

Mama alikuwa amepanga kurudi kabla ya msimu wa korosho. Kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu, alirudi kufagia uwanja, na jioni anakaa barazani na kichanga miguuni. Mke wangu alimwuliza mbele yangu, nikiwa mbali, kama atachimba akifika kwao. Akasema atachimba, kwa nini asichimbe, mikono si ipo? Nilishukuru kimoyomoyo. Niliona kwamba angalau hicho nilimrudishia.

Siku moja kabla ya safari nilirudi mapema kutoka kazini. Nikaingia uani kwa mlango wa nyuma ili nisimkute mama usoni, nikasimama nyuma ya jiko la nje nikinawa miguu. Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta, barazani, anazungumza kwenye simu kwa sauti ya juu kama wafanyavyo watu wanaopiga mbali. Aliyempigia alikuwa dada yake. Walizungumza habari za basi, za nani aende kumpokea, za ukame. Kisha nikajua kutoka kwenye majibu yake kwamba dada ameuliza habari zangu, mimi na ming'oko yangu. Nikaacha kunawa.

"Mkwe hajambo," mama alisema. "Mtu mzuri. Ming'oko aliotesha vizuri kabisa, mizuri kuliko ya huko." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si yeye. Ni mie. Mie ndo sikuivisha. Wee nawe, uzee huu. Waambie hao wanawake mwaka huu wasinifuate."

Mke wangu alikuwa jikoni, amesimama na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ananitazama mimi.